Mama wa Madirisha

Jumatatu, 4 Machi

Kengele ni mwenyekiti! Mdogo wangu, umesikia? Mwenyekiti! Kama umesimama kaa, kama umekaa simama upige vigelegele, halafu ukae tena usome. Mwanangu, yule yule niliyeambiwa akiwa mchanga kwamba nimtafutie kona ya kumweka maana haoni, juzi Jumamosi amechaguliwa kuongoza chama kizima cha watu wenye ulemavu cha mji huu. Si katibu. Si mweka hazina. Mwenyekiti.

Salamu zako utazikuta mwisho wa barua, leo sina nafasi ya kuulizana hali.

Nikusimulie ilivyokuwa, maana nilikuwepo. Sisi wasindikizaji tunaruhusiwa kukaa nyuma ukumbini mradi tufunge midomo, na mimi unanijua, niliufunga kadiri ulivyokubali. Nilikaa chini ya dirisha na kilemba changu kipya. Nje upepo unavuma, mavumbi, mawingu yametanda mchana kweupe kama mtu kafunika mji kwa blanketi. Tukafunga madirisha yote ya mbao, tukawasha taa. Wagombea wawili: Kengele wetu, na yule msusi kiziwi mwenye saluni nyuma ya posta. Kawaida yao wapiga kura hupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Basi wanajiandaa kusimama, mara pap! Umeme umekatika. Giza kama la ndani ya sanduku.

Wenye viti vya magurudumu wakaanza, "Jamani taa! Taa!" Mzee wa Fimbo, yule mwanzilishi wa chama, ambaye haoni tangu kuzaliwa, akagonga fimbo sakafuni akasema, "Taa zimezimika? Poleni sana. Wengine sisi hazijawahi kuwashwa, na mikutano tunafanya. Tuendelee!" Mdogo wangu, watu walicheka mpaka mmoja akaangusha magongo yake. Kupanga mstari gizani hakuwezekani, kwa hiyo Mzee akasema kila mtu ataje kwa sauti anayemtaka. Ikawa Kengele, Kengele, Kengele, ukumbi mzima, ungedhani shule imetoka. Taa ziliporudi mwanangu alishakuwa mwenyekiti. Hata viziwi, ambao unajua hawana makelele, wote walikuwa wamenyanyua mikono juu kumshangilia. Machozi yalinitoka, kilemba kikafanya kazi ya leso.

Leo hapa hospitalini, chumba cha cherehani, sijashona hata shuka moja likanyooka. Kila anayepita nampa habari. Nimewaambia, mnapopiga simu hospitali hii ile sauti ya kwanza inayowaitikia ni ya nani? Daktari mkuu mwenyewe hasikiki mpaka apitishwe na mwanangu. Sasa ni mwenyekiti pia. Wamechoka kunisikiliza, lakini watafanya nini, mashuka wanayataka.

Sherehe ya kumsimika ni Jumamosi tarehe nne Mei. Maturubai nimeagiza, sare nimeanza kukata. Kitu kimoja kimebaki, na hicho namwachia mumeo. Mwambie shemeji Fundi anitengenezee kiti cha mwenyekiti. Si hivi viti vya kukunja vya ukumbini. Kiti chenye mikono, chenye mgongo mrefu, mtu akikiona tu ajue hapa anakaa nani. Mwambie wewe kwa mikono, maana mimi nikimpigia kelele anatabasamu tu, sijui huwa ameelewa au ananivumilia.

Haya, hamjambo?

Dada yako,
Mama Mwenyekiti


Jumatatu, 11 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Hongera nyingi kwa Kengele, na kwako pia, ingawa naona umeshajipongeza vya kutosha.

Umelalamika kwa jirani kwamba sipokei simu zako. Napokea. Ila kwenye simu unaongea wewe mpaka salio linaisha, mimi nimesema "haloo" na "ee" basi. Kwenye barua huwezi kunikatisha. Na Fundi naye anapata kusoma, simu haimfai kitu.

Amesoma barua yako. Pale pa Mzee wa Fimbo alicheka, unakijua kicheko chake, kile cha mabega. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu akasoma tena, na mabega yakatulia. Akaniuliza kwa mikono, "Sisi tulipiga kura vipi?"

Sikumwelewa mara moja. Nikamwambia, "Nyinyi akina nani? Wewe ulikuwa hapa unapiga randa." Akasema, "Sisi. Wasiosikia. Giza limeingia, mkalimani haonekani mikono yake. Wenzetu wanataja majina kwa sauti. Sisi tulikuwa wapi?"

Dada, nakuuliza wewe uliyekuwepo. Walipiga kura vipi?

Na lingine, si la ubaya. Ukumbi huo hauna dirisha hata moja la kufunguliwa? Nani alikuwa amekaa karibu?

Kiti atakitengeneza. Amesema atatafuta mbao nzuri.

Mdogo wako


Ijumaa, 15 Machi

Wewe umeanza.

Tangu utotoni ni hivyo hivyo. Mimi nikileta keki, wewe unauliza mayai yalikuwa mangapi. Mwanangu amechaguliwa na watu, kwa furaha, kwa vicheko, na wewe unaniletea mambo ya taa. Mimi ndiye niliyekata umeme? Mimi ni kampuni ya umeme?

Viziwi walimkubali, nimekwambia nimewaona kwa macho yangu, mikono ilikuwa juu! Kama mtu hataki kitu ananyanyuaje mikono? Ukifurahi unanyanyua, ukikasirika unanuna. Hilo nalo linahitaji mkalimani?

Kuhusu dirisha, kulikuwa na mavumbi. Nilishakwambia kuna mavumbi. Na kilemba kilikuwa kipya.

Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa maendeleo, siku ya sherehe nitakodi jenereta. Umeme ukikatika, liwake. Nadhani hapo tumemaliza.

Kengele hajambo, ila amekuwa kimya kidogo siku hizi, nadhani ni uzito wa cheo. Kila nikimwambia habari ya sherehe ananijibu, "Sawa Mama." Nimemshonea gauni lenye mabega, maana kiongozi lazima awe na mabega.

Dada yako,
ambaye bado ni Mama Mwenyekiti


Jumamosi, 16 Machi

Mama Mdogo, shikamoo,

Nakuandikia kwa taipu ya hapa kazini, kwenye meza yangu ya simu. Ukiona sentensi imekatika katikati ujue kuna mtu anapiga.

Mimi si mwenyekiti tena. Nilikuwa kwa siku tatu tu, na siku mbili kati ya hizo nilizimaliza kusikia Mama akimweleza kila mgonjwa kwenye foleni.

Siku ya tatu Msusi alikuja hapa na mkalimani. Mimi nikadhani amekuja kunipa hongera, nikamnyooshea mkono. Akaushika, akakaa nao hivyo hivyo, na mkalimani akanisomea anachosema mkono wa pili. Aliniambia, "Taa zilipozimika tulibaki tumekaa. Hatukujua kama mkutano umesimama au unaendelea. Ziliporudi tukaona watu wanakukumbatia. Tukanyanyua mikono kuomba nafasi ya kusema. Hakuna aliyetupa." Nikamuuliza, walikuwa hawashangilii? Akasema wao makofi yao ni kutikisa mikono juu. Mkono ukisimama tu bila kutikisika, mtu anaomba nafasi.

Mama Mdogo, ile kauli ya Mzee mimi ndiye niliye

Nimerudi. Alikuwa baba mmoja anauliza kama mkewe amepokelewa wodi ya wazazi. Amepokelewa. Mapacha. Amelia kwenye simu, na mimi nikalia kidogo.

Nilikuwa nasema, ile kauli ya Mzee mimi ndiye niliyeicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Maisha yangu yote watu wakisema "taa zimekatika" wao ndio wanaohangaika, mimi natembea. Ilikuwa tamu, siku moja tu, dunia yote kuja upande wangu. Sikujua tumemwacha mtu nje.

Viziwi wanataka kujitoa waanzishe chama chao. Nimemwambia Mzee turudie uchaguzi, tarehe ishirini Aprili. Alinuna, akagonga fimbo, halafu akakubali. Nitagombea tena, kwa sababu bado nakitaka kiti hicho, sitaki kudanganya. Lakini safari hii nataka nizungumze nao mwenyewe. Lugha yao ya mikono naweza kujifunza. Jibu wataniandikia viganjani. Naomba Baba Mdogo Fundi aje anifundishe, kama kazi zinamruhusu.

Mama hajui lolote. Ameshashona sare. Ameshashona gauni lenye mabega mawili makubwa, nikilivaa napita mlangoni kwa ubavu. Nitamwambia, nipe muda kidogo tu.

Mtoto wako,
Kengele


Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Yamekwisha, nimekuelewa, jenereta ni wazo zuri.

Fundi anakuja kwako Jumatano ijayo, atakaa kama wiki moja hivi. Anataka kumpima Kengele kwa ajili ya kiti. Anasema kiti cha mwenyekiti hakipimwi kwa kukisia, lazima amwone mtu anavyokaa, anavyosimama, anavyoweka mikono. Hasa mikono.

Usimpigie kelele. Haisaidii, na majirani zako wana watoto wadogo.

Mdogo wako


Jumapili, 31 Machi

Mke wangu,

Nimefika salama na nimenenepa. Dada yako anapika vizuri sana, na anaongea wakati wote wa kula, nami nakula kwa amani kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Akitaka nimwelewe anafungua mdomo mpana hadi naona jino lile la nyuma. Jana alinipigia kelele ya "karibu chai" na kuku wa jirani wakaruka ukuta. Niliwaona.

Kengele ana mikono mizuri. Anashika haraka, kwa sababu hashiki kwa macho. Mimi namwekea ishara ndani ya viganja vyake, naye anairudia hewani, nami narekebisha vidole. Siku ya kwanza alijifunza "habari," "mwenyekiti" na "samahani." Siku ya pili aliniuliza, "Baba Mdogo, unapenda supu ya Mama?" Nikamwandikia kiganjani, "Sana, ila chumvi." Akacheka, mama yake akauliza tunacheka nini. Hakuna aliyemwambia.

Dada yako alikuwa anatuchungulia. Kila nikishika mkono wa Kengele anakuja na kuuliza kama kiti siku hizi kinapimwa kwa vidole. Nilimwitikia kwa kichwa. Alionekana kuridhika.

Lakini jana jioni aliniletea futi yake ya kupimia nguo, akaniuliza kwa nini sijachukua hata kipimo kimoja cha mgongo. Nikamwangalia Kengele. Kengele hakuniona nikimwangalia, bila shaka, lakini alijua. Akamwambia mama yake. Nilikuwa naangalia midomo yao. Alimwambia yote, taratibu, kuanzia mikono iliyokuwa juu.

Mke wangu, tangu nioe katika familia hii sijawahi kuuona mdomo wa dada yako umesimama. Jana ulisimama. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Leo asubuhi ameamka, amefunga kilemba kile kipya, kafunga kwa nguvu kama anafunga mzigo, akatoka. Kengele anasema amekwenda kwa Msusi, kugombana. Nimetaka kumfuata. Kengele kanizuia. Ameniwekea kiganjani maneno mawili: "Atarudi. Subiri."

Basi nimempima. Ni mrefu kama baba yake.

Mumeo,
Fundi


Alhamisi, 4 Aprili

Mmenificha! Wewe, na mumeo, na mwanangu niliyemzaa mimi mwenyewe, mmekaa mkanishonea uongo mzuri kuliko sare zangu. "Anakuja kumpima." Nyoo! Nimemlisha mtu wiki nzima supu na nyama kumbe ni mwalimu!

Haya, nimemaliza kugomba. Sasa nikusimulie, maana najua Fundi ameshakuandikia nimetoka nimefura, na unakufa kwa kutaka kujua.

Nilikwenda saluni kumpa yule Msusi vidonge vyake. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikaingia, saluni imejaa, wanawake watupu, na wote wale ni wasiosikia. Sikuwaza hilo. Nikasimama katikati nikaanza. Nilisema, mdogo wangu, nilisema! Kwamba mwanangu ameaibishwa, kwamba sare zimeshonwa, kwamba mtu akishindwa akubali. Msusi akanitazama mdomo kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, pole pole, kama mtu anayeelewa sana. Akanionyesha kiti. Nikasema moyoni, ahaa, huyu ana adabu, ananikalisha tuzungumze kiutu uzima. Nikakaa.

Akanifunga kitambaa shingoni. Akanivua kilemba. Kabla sijajua nini kinaendelea, kichana kimo kichwani na nywele nusu zimefumuliwa. Sasa niambie, mwanamke mwenye nywele nusu kichwa zimesimama kama ufagio ataondoka aende wapi?

Nikakaa. Wao wanazungumza. Mikono inaruka huku na huku, mmoja anaeleza, wa pili anadakia, wote wanacheka, mwingine anafuta machozi kwa kicheko. Mimi kwenye kioo nawaona wote na sielewi hata kimoja. Nilitaka kuuliza, mnacheka nini? Mnanicheka mimi? Nimuulize nani! Nilifungua mdomo mara mbili nikaufunga. Mdogo wangu, mimi, nimefunga mdomo. Kuna mama mmoja mzee aliniona, akanipapasa goti, akatabasamu. Hakuwa ananicheka, kumbe. Lakini mpaka aliponipapasa nilikuwa peke yangu katikati ya watu.

Na hapo ndipo nikalikumbuka swali lako, lile la dirisha. Mimi ndiye niliyekaa chini yake. Komeo lilikuwa hapa, juu ya bega langu. Ningenyoosha mkono tu. Usinijibu kitu juu ya hili, nimeshajijibu mwenyewe saluni nzima.

Alipomaliza kunisuka (na amenisuka vizuri, sitasema uongo, mistari imenyooka kuliko pindo zangu), akachukua kipande cha sabuni akaandika kwenye kioo: "Karibu tena mama. Binti yako ni mtu mwema, lakini nitamshinda."

Niliisoma mara mbili. Nikamnyang'anya sabuni nikaandika chini yake: "Tutaona."

Saluni nzima ikanyanyua mikono juu. Ikatikisika, mdogo wangu. Kama majani.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Fundi mezani, nikamwambia bila kelele, kwa mdomo wa kawaida, anifundishe "karibu chai." Ni rahisi tu. Miaka yote hii nilikuwa nafukuza kuku wa watu bure.

Dada yako,
wa nywele mpya


Jumanne, 9 Aprili

Dada yangu,

Barua yako Fundi ameisoma amesimama, ameirudia amekaa, kisha akaomba nimpe aiweke kwenye sanduku lake la vifaa, pamoja na patasi. Huko hakuweki kitu asichokithamini.

Kiti amekianza. Mgongo mrefu, mikono mipana, kama ulivyotaka. Jana nikamuuliza, sasa unamtengenezea nani? Akanijibu, "Mwenyekiti." Nikamuuliza, yupi? Akasema, "Mimi napima mbao, sipimi kura." Atakileta mwenyewe siku ya uchaguzi.

Nina wasiwasi na kitu kimoja tu. Kengele akishindwa, utamfanyaje? Si kwamba namwombea. Lakini nakujua. Sare zimeshashonwa, maturubai yameagizwa, hospitali nzima inajua tarehe nne Mei. Je, utavunja sherehe? Na usoni kwake utasema nini? Haoni sura yako, ila anakusikia unavyopumua, aliniambia hivyo akiwa mdogo.

Nijibu kwa barua. Simu sipokei.

Mdogo wako


Jumapili, 21 Aprili

Kengele ameshindwa! Mdogo wangu, umesikia? Ameshindwa! Kama umesimama kaa, kama umekaa simama upige vigelegele vile vile, maana tangu nimzae sijajivuna kama nilivyojivuna jana.

Fundi wako atakueleza akirudi, lakini mimi nitaeleza vizuri zaidi.

Kwanza jua hili: nina cheo. Nilipofika ukumbini niliyafungua madirisha yote, moja moja, na upepo ulikuwepo na mavumbi yalikuwepo na kilemba kilikuwa kile kile. Mzee wa Fimbo akasikia makomeo yanavyolia, akauliza, "Nani huyo?" Nikasema ni mimi, mama wa Kengele. Akasema, "Basi wewe ndiye mama wa madirisha, kuanzia leo hakuna mkutano mpaka umeyafungua." Wakaliandika kwenye kumbukumbu za mkutano! Mimi! Na si mwanachama! Akaongeza kuwa taa zikizimika mkutano unasimama mpaka mikono ya mkalimani ionekane, na akaomba radhi. Akaomba kwa mdomo, halafu akainua mikono yake miwili akaweka ishara ya "samahani" aliyofundishwa na Kengele. Aliikosea kidogo. Viziwi walimsamehe kabla hajamaliza kuikosea.

Kisha wagombea wakazungumza. Msusi akasema kwa mikono, mkalimani akatoa sauti. Mwanangu akasimama, hakutaka mkalimani. Alisema kwa mdomo na kwa mikono vyote pamoja, mdomo kwa wasioona, mikono kwa wasiosikia. Taratibu, kuna mahali alikwama, akarudia. Gauni lile la mabega lilikuwa linamzuia kunyanyua mikono, basi akakatisha maneno, akalishika bega moja akalirarua mshono. Pale pale, mbele za watu. Mshono wangu! Akafanya na la pili. Nikasikia watu wanacheka, na mimi nikacheka, nini tena. Alipomaliza, wasiosikia wakamwendea, mmoja mmoja, wakamwekea maswali viganjani, na yeye akayasema kwa sauti ili wote wasikie, na akayajibu. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu ndiye niliyeambiwa nimtafutie kona.

Mistari ikapangwa. Kuhesabu kwao ni kwamba kila mtu anataja namba yake na kumgusa bega wa nyuma, wasiosikia wanaionyesha kwa vidole na mkalimani anaitaja. Nikasikia namba zinapanda mistari yote miwili, sambamba, moyo wangu unapanda nazo. Mara mstari wa Kengele ukanyamaza. Wa Msusi ukaendelea. Ukaendelea, mdogo wangu. Si sana, lakini uliendelea.

Nikamwangalia mwanangu usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza zile namba za mwenzake mpaka ya mwisho. Halafu akainua mikono yake juu kabisa na akaitikisa. Makofi yao. Yeye wa kwanza, kabla ya kiziwi yeyote. Msusi akaja mbio akamkumbatia akamwinua kutoka chini, mwanamke mfupi yule, sijui nguvu kazitoa wapi. Akamwandikia kiganjani. Kengele akacheka, akatuambia wote, "Anasema niwe makamu wake, ila kwanza nishone mabega."

Umeuliza nitasema nini usoni kwake. Nilimwendea, na kweli nilikuwa nahema kama cherehani bovu. Akaniambia, "Mama, unalia au unacheka?" Sikumjibu kwa mdomo. Nilimshika viganja nikamwekea lile neno la pekee ninalolijua. Akakunja uso, akawaza, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama," akasema, "umeniambia karibu chai."

Basi tukanywa chai.

Sasa kiti. Fundi alikileta, kizuri, kinang'aa, kila mtu alikipapasa. Msusi akakaa. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto! Kilipimwa kwa Kengele, ana miguu ya baba yake. Fundi akaipima miguu ile kwa macho. Akakigeuza, akatoa msumeno, akakata miguu yote minne hapo hapo ukumbini, akampa kikamtosha. Mimi nikaviokota vile vipande vilivyokatwa, mbao nzuri ile siwezi kuitupa. Nimevikagua, nimevijaribu, na vimekaa sawasawa: ndivyo sasa vinavyozuia madirisha yangu ya ukumbi yasijifunge kwa upepo. Kwa hiyo usiniulize tena kama mwanangu ana sehemu yake kwenye kile kiti. Kengele mwenyewe ndiye aliyesema viwekwe pale.

Na sherehe siivunji, nimeona ulivyoanza kujitayarisha kunituliza. Sare zipo, maturubai yapo, jenereta nimelikataa kwa sababu tunafanya nje, uwanjani, mchana, na jua hakuna anayelikata. Mwenyekiti atasimikwa, na makamu wake, aliyeshindwa vizuri kuliko wengi wanavyoshinda, atasimama pembeni yake na gauni lisilo na mabega. Wote wa saluni wanakuja. Mzee wa Fimbo anakuja. Chumba cha cherehani kinakuja, daktari mkuu nimemwambia asipokuja simu zake zitachelewa. Yule baba wa mapacha amepiga simu mwenyewe kuuliza kama anaweza kuja nao. Nyinyi mnakuja, wewe na Fundi, na usiniambie kazi, na usiniambie safari. Mwambie kwa mikono au nitamwambia mimi, sasa naweza. Nawasubiri nyote, bila kumwacha hata mmoja, uwanjani mbele ya ukumbi, saa nne asubuhi, Jumamosi tarehe nne Mei.

Dada yako,
Mama wa Madirisha